Shujaa Aliyesindikizwa hadi Bigwa

Kabla sijasema habari za vitabu, niseme kwanza habari za nyani.

Nilipokuwa mtoto kule juu milimani kazi yangu ilikuwa kuamia. Nyinyi wa mjini hamjui kuamia. Ni kukaa shambani juu ya dungu, kichanja cha miti, unapiga debe na kupayuka ili nyani wasile mahindi. Nyani huja kwa kundi kama watu wanaokwenda harusini, wazee mbele, mama na watoto katikati, na ukirusha jiwe wanakimbia wote pamoja, kwa heshima. Lakini kulikuwa na dume mmoja mkubwa aliyekuja peke yake. Huyo hakukimbia. Alikaa kwenye tuta, anamenya hindi, ananitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekosea dirisha. Nikamwambia mjomba wangu, "Mjomba, yule wa peke yake ni jasiri kweli." Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Jasiri gani? Yule kafukuzwa na wenzake. Nyani mwenye akili hatembei peke yake."

Basi siku moja dume yule akaja hadi chini ya dungu, nami nikaruka kwa upande wa pili. Mashamba yetu, kwa asiyeyajua, yamesimama wima. Ukianguka kwako unaokotwa kwa jirani. Nikaokotwa kwa jirani, mguu umevunjika. Fundi wa mifupa aliufunga kwa vijiti, ukaunga, ila uliunga kwa mtazamo wake wenyewe. Tangu hapo mguu wangu mmoja unaelekea mjini na mwingine unaelekea Mgeta. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanda na kushuka na mzigo kichwani. Shule nilikuwa nimekwishaiacha darasa la tatu, maana nayo ilikuwa kwenye mteremko. Mjomba akasema, "Huyu atafutiwe kazi ya kukaa."

Ndivyo nilivyoingia kwenye vitabu. Nimeifanya kazi hii tangu ndevu hazijaota, zikaota, zikawa nyeupe, na sasa zimeanza kupungua tena. Mwaka huu nimestaafu. Kustaafu kwangu hakukuwa na sherehe. Nilimpa binti mmoja, Zuhura, ufunguo wa kibanda changu cha vitabu, nikamwambia mlango unataka kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunge. Zuhura anauza vitabu vya mitihani na kava za simu, na ameacha rafu moja ya vitabu vyangu vya zamani. Vijana wanakuja kupiga picha mbele yake, wakiwa wamekunja uso kama wanaosoma. Yeye ndiye aliyening'ang'ania. "Babu, andika. Sisi watu wa vibanda hatuna hata mmoja aliyeandika." Nikamwambia mimi mtu wa darasa la tatu. Akasema, "Andika kama unavyoongea, nukta nitaweka mimi." Kwa hiyo nukta zote humu ni za Zuhura. Msinilaumu.

Siku ya kwanza mjomba alinishusha hadi Bigwa, pale njia ya kutoka milimani inapokutana na barabara, akanikabidhi kwa Mzee Shabani. Mzee Shabani alikuwa mtu mfupi, mswalihina, mwenye kofia safi kuliko vitabu vyake vyote. Kibanda kilikuwa cha mabati ya madebe. Ndani kulikuwa na vitabu vya kuazimisha, vile vidogo vya upelelezi, karatasi mbaya, jalada lenye bastola na mwanamke anayepiga mayowe. Sikuambiwa karibu. Niliambiwa, "Nionyeshe mikono." Nikaonyesha. "Kanawe." Nikanawa. "Tena."

Wiki zile za mwanzo sikugusa kitabu. Nilipika gundi. Gundi yetu ilikuwa uji wa unga wa muhogo, mzito, wenye maji ya mwarobaini kidogo ili mende wakione kitabu kichungu. Uzi ulikuwa wa katani, tunauchambua wenyewe mpaka unakuwa mwembamba. Sindano ilikuwa ya magunia, imenolewa. Jalada likichakaa tulikata mfuko wa saruji. Halafu kulikuwa na jiwe bapa la mtoni, la kukandamizia. Jiwe hilo lipo mpaka leo, Zuhura anazuilia mlango. Zuhura mwanangu, jiwe hilo limekandamiza majambazi wengi kuliko jela yoyote ya nchi hii. Likalishe mahali pazuri.

Mzee Shabani alikuwa na mafundisho mawili tu. La kwanza: mteja akirudisha kitabu usimtazame usoni, tazama mgongo wa kitabu, uso unaweza kutabasamu. La pili: usimwambie mtu nani kaua. Alisema mwenye kutoa siri hiyo ni sawa na anayeonja futari ya mwenzake.

Kulikuwa na wateja wagumu. Fundi mmoja wa Mzinga, kule kiwanda cha silaha, alikuwa akipigia mstari makosa ya bunduki; anaandika pembeni, "hii haitoki risasi." Kulikuwa na sista mzee wa misheni, Mungu amrehemu, aliyetaka kusoma lakini asionekane. Nilimshonea jalada la kitabu cha sala, likawa linaingia na kutoka kwenye kitabu chochote. Siku moja ananirudishia, anasema kwa upole, "Huyu Tino Radi wenu anaua watu wengi mno. Nimemwombea." Nikamwuliza kama anataka kingine. Akasema ndiyo, akaone kama ameongoka.

Tino Radi. Nilikuwa nakuja huko. Kila kibanda kilikuwa na shujaa wake na wetu alikuwa huyo. Vitabu vyake vilikuwa vingi, lakini viwili ndivyo vilivyolala nje ya kibanda kila siku: *Damu Kwenye Lifti* na *Radi Haipigi Hodi*. Tino Radi ni mtu wa Dar es Salaam. Wahuni wamemuulia mchumba, polisi hawana habari, basi anawafuata mwenyewe, genge kwa genge, peke yake. Anavaa koti refu jeusi. Dar es Salaam, joto lile, koti refu jeusi. Mimi nilifika Dar mara moja, shati lilinishinda.

Wateja wa milimani walimpenda kupita kiasi, ingawa mengi hawakuyaelewa. Lifti, kwa mfano. Nilikaa na wazee nikiwaeleza kwamba ni chumba kinachopanda ghorofani na watu ndani. Mmoja akaniuliza, "Na wenye chumba wamekubali?" Lakini kitu kimoja kiliwaudhi wote, na ni mwisho. Kila kitabu kinaisha vilevile. Tino Radi amemaliza genge, moshi unafuka, anainua kola ya koti lake, anaondoka, na haonekani tena. Basi. Haagi. Hapo wazee walikuwa wanafunga kitabu kwa hasira. "Mtu gani anaondoka bila kuaga? Hata mchawi anaaga!"

Bahati nzuri kurasa za mwisho hazikudumu. Karatasi ile ilifaa sana kwa kusokotea tumbaku, na mtu akifika mwisho wa kitabu kiu ya sigara humshika. Kitabu kikirudi hakina mwisho, Mzee Shabani alimsimulia mteja anayefuata kwa mdomo, na katika masimulizi yake Tino Radi aliaga. Aliaga wenye nyumba, akaaga majirani, akaulizia hali za watoto, ndipo akaondoka. Nikamwambia, "Mzee, hivyo sivyo ilivyoandikwa." Akasema, "Aliyeandika hakulelewa."

Mzee Shabani akatangulia mbele ya haki, kibanda kikabaki kwangu. Zikaja video, zikaja runinga, zikaja simu, kila moja ikachukua sehemu yake ya wateja wangu. Sitalia hapa. Waliobaki walikuwa wachache na wa kudumu, na wa kudumu kuliko wote alikuwa Kosmas, na habari ya Kosmas ndiyo hasa Zuhura anataka niiandike, hayo mengine amenivumilia tu.

Kosmas ni mkulima wa juu, karoti na fyulisi, yale matunda ya nchi ya baridi. Mwembamba, mpole, sauti ya chini. Kule kwao kuna kigango, kikanisa cha kijiji, na yeye ndiye mpiga kengele. Kengele yenyewe ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, inagongwa kwa kipande cha chuma. Alisoma Tino Radi tangu utoto wake, anamaliza anaanza tena, kama watu wengine wanavyosali rozari. Alikaa na mama yake, Bibi Theodora.

Bibi Theodora alishuka Bigwa kila siku ya soko maisha yake yote, tenga kichwani. Sijui kama alihitaji kuuza. Alihitaji kushuka. Akifika hapa anatua, anapata habari za misiba, anagombana na mtu mmoja wa kuchagua, anapanda kwao amenenepa.

Sasa, miaka hii ya karibuni, mbele ya kibanda changu, kwenye karavati la juu ya mtaro, ikakaa Kamati. Ndivyo walivyojiita. Kamati ya Ulinzi wa Mizigo. Mzigo ulindwe na nani? Na wao. Ulindwe dhidi ya nani? Dhidi yao. Mkulima akishuka wanachukua kilicho kizuri cha juu ya tenga, halafu wanamwelekeza mnunuzi wamtakaye wao, na sokoni hafiki. Anayebisha, tenga lake linateleza na kuingia mtaroni, kwa bahati mbaya sana, na vijana wanampa pole. Wakulima walikwenda kulalamika mahali wanapolalamika. Wakaambiwa walete ushahidi. Karoti zilizolowa matope hazijui kusema.

Mkubwa wao aliitwa Sultani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu, miwani myeusi, fulana ya kola. Vijana wake walisimama. Kiti kilikuwa kimoja tu. Yeye alisema ni mtu wa Dar. Sisi tulijua amekulia Kihonda, hapahapa mjini kwetu, na mama yake alishuka kutoka hukohuko juu zamani, lakini nani amwambie?

Siku moja Bibi Theodora akawaambia hapana. Alisema, "Mimi nimepita hapa karavati halijajengwa." Tenga likateleza. Naye alikuwa amelishikilia, wakaenda wote wawili. Fyulisi zilielea kwenye maji machafu, na yeye alitoka na mkono uliotenguka. Mkono ulipona. Lakini alipopanda kwao siku ile alisema hashuki tena, na hakushuka. Kosmas aliniambia mama anakaa kizingitini kutwa, anaitazama njia. Hataki kula. Hagombani na mtu. Mwanamke yule bila kugombana na mtu ilikuwa ni ugonjwa.

Basi Kosmas akaja kuazima *Radi Haipigi Hodi*, ambayo aliijua kwa moyo.

"Mzee, hiki hakina ukurasa wa mwisho."

"Ulikwenda na moshi wa mtu, miaka mingi."

"Pale anapoingia ghalani peke yake, analikuta genge lote. Anaanza na nani?"

"Anawapiga wote."

"Kwa nini wao hawampigi?"

"Kwa sababu kitabu ni chake, Kosmas."

 Akatazama kule kwenye karavati. Nikaelewa. Nikamshika mkono. "Nisikilize. Tino Radi ameandikwa. Wewe umezaliwa. Vijana wale wana mapanga chini ya karavati, nimeyaona. Tino Radi kitabu kizima hana mama, hana mjomba, hana hata jirani wa kumwazima chumvi. Nani atamlilia? Wewe una mama."

"Ndiyo ninaye," akasema. "Ndiyo maana."

"Unakuja lini?"

"Mtu wa namna ile hasemi anakuja lini." Akafikiri. "Jumamosi. Nikishapiga kengele."

Nililala vibaya hadi Jumamosi. Nikaamka nikafungua kibanda mapema, sikujua kwa nini, kwamba mguu wangu huu ungemkimbilia nani? Sehemu inayofuata sikuiona. Nilisimuliwa na wanawake, na Kosmas mwenyewe baadaye, kwa aibu.

Alitaka koti. Shujaa bila koti ni mtu anayekwenda kupigwa tu. Na nyumbani kwao, kwenye msumari, kulikuwa na koti refu jeusi la sufu la marehemu Mzee Lukwele, kaka yake Bibi Theodora, mjomba wa Kosmas. Alipewa na padri mmoja wa zamani. Mzee Lukwele ndiye aliyekuwa mkubwa wa lukolo lao, yaani ukoo, ule wa kwa mama, maana Waluguru ukoo wetu uko kwa mama na mwenye neno ni mjomba.

Hapa lazima nieleze kitu, Zuhura anasema wasomaji wa Dar hawatajua. Katika ukoo ule mjomba akifa jina lake halizikwi. Linangoja mpwa. Na jina la Mzee Lukwele lilikuwa limengoja muda mrefu, kwa sababu kila mpwa aliyefaa alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Mjomba anaamua ugomvi wa mipaka, anakaa mbele kwenye posa zote, anapokea kila mwenye shida na kila mwenye maneno. Siku mpwa anapokubali, anavaa nguo ya marehemu, anatoka mlango wa mbele, na ukoo wote unamsindikiza, na watani wanamtukana njia nzima ili asijione.

Kosmas aliyajua yote hayo. Lakini asubuhi ile hakuwaza ukoo, aliwaza kitabu. Wengine hukosea kwa kutojua. Yeye alikosea kwa kusoma.

Akapiga kengele. Akakiweka kile chuma cha kugongea ndani ya mfuko wa koti, ndiyo silaha. Akainua kola. Akatoka mlango wa mbele, peke yake, kimya, kama kifo.

Hakufika mbali. Wa kwanza kumwona alikuwa Bi Tatu, anachuma maharage. Bi Tatu ni mtani wa ukoo ule, na mdomo wake unasikika hadi bonde la pili.

"Haa! Koti limetoka! Jamani, koti limetoka!"

Kosmas akaweka kidole mdomoni. "Bi Tatu, nakuomba. Nakwenda peke yangu."

"Peke yako? Uliona wapi mtu anarithi mjomba peke yake kama mwizi wa kuku?"

"Sirithi. Nina shughuli."

"Ndivyo wanavyosema wote! Na lilivyokukaa! Koti la marehemu limevikwa ufito! Mzee Lukwele huko aliko analia, kifua chake leo kimebebwa na ufagio!" Akapiga kigelegele. Kikajibiwa juu. Kikajibiwa chini.

Alijaribu kuongeza mwendo. Lakini mtu aongeze mwendo vipi kule kwetu? Kila nyumba ni salamu. Na salamu zenyewe zilikuwa zimegeuka: watu wazima aliokuwa akiwaamkia jana leo wanatoka nje, wanaliona koti, wanasema, "Shikamoo mjomba." Hakuitikia wa kwanza, wakamwambia ana kiburi. Ikabidi aitikie. Marahaba, marahaba, hajambo, mbuzi amezaa, ndiyo, marahaba. Jua likapanda. Sufu ile ilikuwa ya nchi ya theluji. Wanawake waliokuwa wanajiandaa kwa soko wakajitwika matenga wakafuata. Wazee wakachukua fimbo. Mtu akatoa ngoma. Kosmas akageuka akawaambia, anasema machozi yalikuwa karibu, "Rudini, ni hatari, nakwenda kupigana na watu wabaya." Bi Tatu akawaambia wenzake, "Anaota tayari, madaraka yamepanda kichwani," na watu wakacheka, wakazidi kufuata.

Nyuma kabisa akaja Bibi Theodora. Jina la kaka yake limetoka nje, yeye abaki kizingitini? Alijifunga kanga, na kwa kuwa hajawahi kushuka mikono mitupu, akajitwika tenga la fyulisi.

Mimi nikiwa kibandani nilisikia ngoma kabla sijaona kitu. Vijana wa Kamati wakasimama. Mmoja akainama kuelekea chini ya karavati. Njia ile ina kona ya mwisho penye migomba, na kwenye kona hiyo likatokea koti, halafu kola, halafu uso wa Kosmas umelowa jasho kama mtu aliyebatizwa upya, mkono mmoja mfukoni. Nikajua mkono ule umeshika chuma, nikasema moyoni, ewe Mungu, asiutoe. Na nyuma yake mlima mzima ukaendelea kutokea kwenye migomba, tenga kwa tenga, hauishi.

Kosmas akasimama mbele ya kiti cha bluu. Nadhani alikuwa na maneno aliyoyaandaa, Tino Radi huwa na neno moja kabla ya kupiga. Hayakutoka.

Sultani alikuwa amekaa. Akavua miwani. Alilitazama koti kuanzia chini, pindo, vifungo, kola. Na nikamwona anasimama, taratibu, kama mtu aliyeinuliwa kwa masikio, mikono ikaenda nyuma yenyewe, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Sultani, ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Shikamoo mjomba."

Ngoma ikakatika. Kijana mmoja wa Kamati akauliza, "Bosi, mjomba nani?"

Kosmas kinywa wazi. Mkono mfukoni. Halafu ule mdomo wake uliokwisha kuzoea tangu juu ukajibu wenyewe: "Marahaba."

Hayo ndiyo yalikuwa mapigano. Nimesoma mapigano mengi, kuna mengine kurasa thelathini, haya yalikuwa neno moja.

Baadaye tulielewa. Sultani alipokuwa mtoto Kihonda, Mzee Lukwele alikuwa akishuka kuwaona, na koti lile, na mfuko wa fyulisi mkono mmoja, na fimbo mkono wa pili, na mgawanyo wa vitu hivyo viwili ulitegemea taarifa za mama. Mtu unaweza kukana mlima. Goti halikani.

Bi Tatu alikuwa amekwishapita mbele anamchungulia usoni. "Subiri, subiri! Pua hii! Wewe si mtoto wa Veronika? Veronika aliyekuwa akimwita Mzee Lukwele kaka! Mimi nimegaragara mlangoni kwenu siku ya msiba wa mama yako mpaka mkanipa kuku! Kumbe umekua? Nani kakuruhusu?"

"Mama, heshima kidogo," akasema kijana mmoja, akasogea. Mwenzake akamvuta shati. Mtani hapigwi, na hata Kamati ilikuwa na mama zao.

"Heshima? Mjomba kasimama juani na sufu, wewe mpwa umekumbatia kiti! Kiti!"

Kiti kikatoka. Kosmas akakaa. Chuma kikamchoma ubavuni akaguna, na ukoo ukasema loo, anaguna kama marehemu yuleyule.

Sasa niseme yaliyotokea kwake, maana nitasahau. Kosmas ni mjomba mpaka leo. Hakuweza kukanusha; kila alipokanusha watu walimsifia unyenyekevu. Anaamua mipaka, anakaa mbele kwenye posa, amevaa sufu mwezi wa kumi na mbili. Kusoma kumekwisha. Siku moja alikuja kibandani nikadhani nitapiga naye soga, nikaona nyuma yake wapwa wamejipanga, kila mmoja na shida yake. Alinirudishia *Radi Haipigi Hodi* haijafunguliwa. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Mzee, Tino Radi akiondoka pale mwisho, huwa anakwenda wapi?" Nikamwambia mwandishi hakusema. Akasema, "Angesema." Wapwa wakamwita, akaenda.

Vijana wa Kamati wanasukuma mikokoteni sokoni. Wananisalimia vizuri. Kengele ya kigango wanapiga kwa jiwe, kile chuma kimebaki kwenye koti, wanasema ni cha ukoo. Na Bibi Theodora anashuka kila siku ya soko. Juzi kagombana na Zuhura kuhusu kava ya simu, na hana simu.

Lakini nimeruka. Nilikuwa nimefikia pale kwenye kiti.

Kosmas alipokwisha kukaa, Bi Tatu akageuka tena. "Na huyu je? Huyu ni mama yako mkubwa, dada wa mwenye koti. Amesimama na tenga kichwani, na mkono wake ule uliotenguliwa, unajua na nani? Haya, mpwa. Unangoja nini?"

Sultani aliwatazama vijana wake. Hilo lilikuwa kosa, maana mmoja alikuwa ameanza kucheka, akijizuia kwa kiganja. Bi Tatu akachuma jani la mgomba, akalisokota ngata, akamwekea Sultani kichwani juu ya nywele zilizokuwa zimechongwa kwa fundi.  Bibi Theodora akainama kidogo, na Sultani akalipokea tenga lile la fyulisi, akajitwika, akavuka barabara nalo mpaka pale magari ya sokoni yanapopakia. Njia ni fupi. Aliitembea kwa muda mrefu. Vijana wake wakaacha kujizuia, wakacheka waziwazi, na wakulima wakacheka, na sidhani kama kuna genge duniani linalopona kicheko cha namna ile.

Akatua tenga taratibu. Hakuna hata fyulisi moja iliyodondoka. Alikuwa amefundishwa, zamani. Bibi Theodora akachagua iliyoiva, akaifuta kwa kanga, akampa. "Kula mwanangu. Unaonekana hujala."

Alisimama ameishika. Akatazama karavati, akamtazama mjomba wake aliyekaa kwenye kiti cha bluu amezungukwa na watu mpaka haonekani ila kola. Halafu akaja upande wangu, akapita mbele ya kibanda, karibu kabisa, na *Radi Haipigi Hodi* imelala pale mezani katikati yetu. Nilimwambia, "Haya baba, kwaheri." Hakujibu. Aliinua kola ya ile fulana yake, akashika barabara ya mjini, fyulisi mkononi, hakumuaga mtu, hakugeuka nyuma, na hakurudi.